Gramu 68

Sonara mmoja wa Birere, mtaa wa hapa Goma, ndiye aliyenipimia kisu changu. Mizani yake ni ya pete na punje za dhahabu, kisahani chake kidogo kama kiganja cha mtoto, hata ikabidi kisu kilazwe ubavu kisiguse kuta za kioo. Tarakimu zikapanda, zikashuka, zikatulia kwenye 68. Sonara akakiinua, akakigeuza, akauliza kama mpini una uwazi ndani. Hauna. Ni mti mzima, na ndani yake umepita mkia wa feleji mpaka mwisho. Gramu 68 ni uzito wa yai kubwa la kuku. Kwa uzito huo nimepasua samaki usiku kwenye ufuko wa Idjwi, nimechuna mbuzi wa harusi kule Masisi, nimekata kamba za mzigo zilizokazwa na mvua kwenye njia ya Nyiragongo, na sijawahi kutamani kiwe kizito zaidi.

Anayejiandaa kwa safari yake ya kwanza ya ziwani au porini huuliza kisu gani kina nguvu. Nami niliuliza hivyo. Nikanunua kisu kinene kama kidole, nikakibeba siku nne kutoka Sake kupanda vilima, na kufikia siku ya nne kiuno changu kilikuwa kinakijua kuliko mkono wangu: kilikuwa kimenichubua ngozi chini ya mkanda, na kazi pekee iliyofanywa nacho ilikuwa kumenya viazi. Tangu hapo nauliza swali jingine. Kisu gani kitaniacha nisahau kwamba nimekibeba, hadi saa nitakayokihitaji? Swali hilo halina jibu moja kwa watu wote, lakini lina watu wanaojua kulijibu, na wengi wao wanakaa kwenye mabanda ya mabati, nyuso zimekolea moshi, nyundo mkononi.

Mji wetu unajua mizigo. Goma ndiyo iliyokisimamishia chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara, na hakuna mwenyeji anayeshangaa, maana kabichi, viazi na makaa ya Kibumba vimeteremka mjini juu ya mbao hizo miaka mingi kabla ya pikipiki kujaa. Fundi wa chukudu hauogopi uzito. Chombo chake kinateremka, na kwenye mteremko uzito husukuma. Mtu anayepanda kwa miguu hana bahati hiyo. Kilele cha Nyiragongo kiko mita 3,470 juu ya usawa wa bahari. Enzi njia ilipokuwa wazi tulianzia Kibati, tukapanda karibu mita 1,500 juu ya lava iliyoganda, mawe yakilia chini ya viatu kama vigae, na huko juu hakuna chemchemi hata moja. Kila tone la maji hupandishwa mgongoni. Panga la kawaida lina nusu kilo, pengine zaidi. Nusu kilo ni nusu lita ya maji. Ukishaona hesabu hiyo kwa magoti yako, hutaisahau.

Kwa hiyo nilikwenda kwa mhunzi. Banda lake liko nyuma ya uchochoro wanakotengeneza mbabula, majiko ya makaa; sakafu ni lava nyeusi isiyosawazishwa, fuawe ni kipande cha ekseli ya lori kilichopachikwa ndani ya gogo. Upepo wa moto unatoka kwenye feni ndogo inayozungushwa na gurudumu la baiskeli, na gurudumu linazungushwa na kijana wake. Pembeni kumerundikana resori za magari, zimevunjika vipande viwili vitatu, nyekundu kwa kutu.

Resori hizo zinastahili maneno yao. Resori ya lori hufuliwa kwa feleji yenye kaboni karibu asilimia 0.6, mara nyingi pamoja na kromiamu kidogo, kwa sababu kazi yake ni kupinda mara elfu nyingi na kurudi. Feleji ya namna hiyo, ikifuliwa na kupozwa inavyotakiwa, hushika makali na bado haivunjiki kama kigae. Barabara ya Sake na ile ya Rutshuru zimevunja resori nyingi, na kila dereva anapolaani shimo lililomvunjia gari, kuna mhunzi mahali fulani anayepata malighafi bora. Wala ufundi wenyewe haukuja na malori. Katika nchi za maziwa makuu watu wameyeyusha chuma kwa zaidi ya miaka 2,000. Kule Kagera, ng'ambo ya Rwanda, Peter Schmidt na Donald Avery waliandika mwaka 1978 juu ya matanuri ya Wahaya yaliyotoa feleji yenye kaboni, si chuma laini tu. Lori limeleta tu njia fupi: siku hizi mhunzi haanzi na jiwe la madini, anaanza na resori.

“Muzee,” nikamwambia, “niko natafuta kisu ya kutembea nayo.”

“Kutembea wapi?”

“Kwa ziwa. Na ku mulima.”

“Siku ngapi?”

“Inne, tano.”

Hakuuliza nataka kisu cha urefu gani. Alisema, “Nipe mukono,” akaushika, akapima upana wa kiganja changu kwa vidole vyake vitatu, akagusa pale ambapo kidole gumba kinaungana na mkono. Nikamwomba asikifanye chembamba sana, kisije kikavunjika. Akanitazama kidogo.

“Nene ni ya kupasula kuni. Weye utapasula kuni?”

Sikuwa na kuni za kupasua. Moto wangu wa safarini ni wa vijiti na makaa. Nikanyamaza, naye akaanza kazi, na nilikaa pale siku nzima kwa sababu nilitaka kuona uzito unakwenda wapi.

Resori aliyoichagua ilikuwa na unene wa milimita 8. Alikata ukanda wa upana wa vidole viwili kwa patasi, chuma kikiwa chekundu, akaurudisha motoni. Kisha akaanza kuurefusha. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kisu chepesi ni kigumu kutengeneza kuliko kizito. Kipande kinene hushika joto, humpa fundi nafasi ya kupiga mapigo ishirini kabla ya kurudi motoni. Kikishakuwa na milimita 3, joto lake hukimbia kwenye fuawe kama maji kwenye mchanga: mapigo matano, sita, basi. Ukizidisha, unapiga chuma baridi na kukipasua kwa ndani mahali usipoona. Ukikiacha motoni kitambo kidogo zaidi, ncha inaungua, inatoa cheche nyeupe kama za fataki, na kilichoungua hakirudi. Kila mara alipokitoa, maganda meusi ya kutu ya moto yalipukutika kwenye lava. Sehemu ya uzito huondoka hivyo, kwa kupukutika.

Kisha akafanya jambo nililodhani ni kosa. Akakipinda kisu, kilichokuwa kimeanza kupendeza, kikawa kama ndizi, tumbo likiwa upande wa mgongo. Sikusema neno. Akaanza kuponda upande wa makali ili kuufanya mwembamba, na chuma kilichopondwa lazima kiende mahali. Kikarefuka upande ule, na kwa kurefuka kikaisukuma ncha kuelekea mgongoni, pigo kwa pigo, mpaka ile ndizi ikajinyoosha yenyewe. Alikuwa amekipinda kwanza kwa kiasi kilekile ambacho nyundo ingekipindua baadaye. Hakutumia rula. Nimeona wahandisi wakipiga hesabu ya mambo madogo kuliko hayo kwa kalamu na karatasi, nami nawaheshimu, lakini heshima niliyompa mzee yule dakika ile ni ya namna nyingine.

Kilipopata umbo alikifukia ndani ya jivu kipoe usiku kucha, kipate kulainika kwa tupa. Kesho yake tukahesabu pamoja, maana nilikuwa nimekuja na penseli. Sentimita moja ya ujazo ya feleji ina uzito wa gramu 8 kasoro kidogo. Bapa la sentimita 9 kwa 2, likiwa na unene wa milimita 4, lina karibu gramu 57 kabla ya kunolewa; likiwa na milimita 2, nusu yake. Lakini mzee hakuacha unene mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Pale bapa linapotoka mpinini aliacha milimita 2 na nusu, kisha likapungua taratibu hadi milimita moja karibu na ncha. Mkia wa ndani ya mpini nao aliupunguza, mpana mwanzoni, mwishoni kama mkia wa panya. “Hapa ndipo inavunjikaka,” akanionyesha kwa kucha, pale penye shingo, na pale hakugusa. Alijua mahali ambapo nguvu inakaa, na kwingine kote akachukua.

Kuna wepesi mwingine ambao siupendi, nao umejaa madukani. Mtengenezaji anakata mpini uwe mfupi wa vidole viwili, au anautoboa matundu na kuuacha chuma kitupu, kisha anaandika gramu kwa herufi kubwa. Kwenye kiganja kikavu hufanya kazi. Kwenye kiganja chenye ute wa samaki, saa nane ya usiku, kwa baridi, chuma kitupu huteleza na kugeuka, na mkono unaokishika kwa hofu huchoka upesi kuliko mkono uliobeba gramu 20 zaidi za mti. Mpini lazima ujaze kiganja. Gramu zipunguzwe kwenye chuma kisichofanya kazi, zisiibwe kwenye mkono.

Kukizamisha kisu ili kiwe kigumu kulifanywa jioni, kwa makusudi, banda likiwa na giza. Rangi ya chuma cha moto huonekana vizuri gizani. Mchana jua hudanganya. Mzee alikuwa na sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio mbovu, imefungwa kwenye waya. Alikigusisha kisu mara kwa mara, sumaku ikikamata, ikikamata, halafu ghafla ikaacha kukamata. Chuma kikifika karibu nyuzi 770 hupoteza usumaku wake. Akasubiri kidogo tu, kiive zaidi, akakitumbukiza ncha kwanza ndani ya kopo la mawese yaliyopashwa moto. Maji yangekipoza kwa kasi mno. Feleji ya resori, tena ikiwa nyembamba hivyo, ingepasuka. Mawese yalitoa moshi na harufu ya jikoni. Alipokitoa akapitisha tupa juu ya makali, tupa ikateleza kama juu ya chupa. Kilikuwa kigumu, na kwa ugumu huo kingeweza kuvunjika kama kikianguka kwenye lava.

Hapo ikabaki hatua ya mwisho, ambayo nikiulizwa ni ipi nzuri kuliko zote nitaitaja hiyo. Alisugua ubavu mmoja mpaka ukang'aa, akapasha moto kipande kinene cha chuma, akaulaza mgongo wa kisu juu yake. Tukainama wote watatu. Rangi ikaanza kutembea: kwenye mgongo manjano hafifu ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha buluu ya shingo ya njiwa. Zile rangi ni utando wa kutu mwembamba mno, na kila rangi ina joto lake. Buluu ni karibu nyuzi 300, feleji iliyorudi kuwa laini na yenye kunyumbuka. Manjano ni nyuzi 200 na ushei, feleji inayoshika makali. Buluu ilipojaa mgongoni na manjano ya majani makavu ilipofika kwenye makali, akakitia mawese. Kisu kimoja, chuma kimoja, mgongo wa resori na makali ya wembe. Unene usingenipa hivyo.

Siwezi kuzungumzia kisu chepesi upande huu wa Afrika bila kutaja Okapi. Wengi wetu tulikiona kwanza mkononi mwa baba au mjomba: kisu cha kukunja, mpini wa mti wenye nyota na mwezi za bati, pete ndogo nyuma ya kuvuta ili bapa likunjike. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, kuuzwa katika makoloni yake ya Afrika, na tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Jina lake ni letu. Watu wa msitu wa Ituri walikuwa wakimjua okapi tangu zamani, lakini wataalamu wa Ulaya walimwandika katika vitabu vyao mwaka 1901 tu, na ushahidi wa kwanza uliomfikia Mwingereza Harry Johnston ulikuwa mikanda ya ngozi ambayo askari wa upande wa Semliki walikuwa wamejikatia. Kabla ya mnyama kuwa na jina la kisayansi, kisu cha mtu asiyejulikana kilikuwa kimepita juu ya ngozi ile, kikaikata sawasawa. Mwaka uliofuata jina likapigwa kwenye bapa.

Napenda Okapi, na kwa mtu wa safari fupi kinatosha. Chuma chake si cha kisasa, kinashika kutu, lakini kinanoleka juu ya jiwe lolote la mtoni. Kwenye samaki ndipo ninapokiacha. Kisu cha kukunja kina kiungo, na ndani ya kiungo huingia magamba, ute na damu, na siku ya tatu hunuka hata ukikiosha. Kisu kisichokunjwa, ndani ya ala ya ngozi, hupanguswa kwa jani na kazi imekwisha.

Na samaki ndio kazi yenyewe kwetu, ingawa samaki wengi wanaotoka Ziwa Kivu hawahitaji kisu kabisa. Sambaza waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndio riziki ya ziwa. Wavuvi huwaendea usiku, mitumbwi mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu, taa zikining'inia juu ya maji, nyimbo zikipokezana. Usiku wa mbalamwezi wengi hubaki nyumbani kwa kuwa samaki hawafuati taa. Sambaza huliwa mzima, kichwa na mkia. Maji ya ziwa hilo yana kina cha zaidi ya mita 470, lakini samaki wanaishi juu tu, mita 60 hivi za kwanza, kwa kuwa huko chini hakuna hewa ya kupumua, kuna gesi.

Tilapia ndiye anayekijaribu kisu. Mlaze juu ya ubao, kichwa kielekee kushoto kwako. Ncha iingie kwenye tundu la nyuma, makali yakitazama juu, na iingie kidogo tu, kama nusu ya kucha. Weka kidole cha shahada nyuma ya ncha, kiwe kizuizi. Kisha sukuma kuelekea kwenye mashavu, ukisikia utando wa tumbo ukifunguka kwa mlio mdogo wa kitambaa kikichanwa. Ukizamisha zaidi utapasua nyongo, na nyongo ya samaki ikimwagika nyama yote inakuwa chungu, hakuna ndimu itakayoiokoa. Kwa bapa nene huwezi kuhisi utando ule; mkono unasikia chuma tu. Kwa bapa la milimita moja unausikia kama unavyosikia uzi kati ya vidole. Baadaye, ukitaka kumpasua kwa mgongo ili atiwe chumvi au moshi kama wafanyavyo kule Vitshumbi kwenye Ziwa Edward, bapa jembamba hulala juu ya mfupa wa uti na kuufuata lenyewe, likijipinda kidogo panapojipinda mfupa.

Kambale ni habari nyingine. Kichwa chake ni mfupa mtupu, na hapo kisu changu hukaa ndani ya ala. Nimeona akina mama wa soko la Kituku wakiweka panga dogo juu ya kichwa hicho na kuligonga kwa kipande cha mti, mara moja, kikafunguka. Kila chombo kina kazi yake, na mtu anayetaka kisu kimoja kifanye kazi zote ndiye anayeishia kubeba kile kinene kama kidole.

Juu ya uwindaji nitasema machache. Hifadhi ya Virunga, iliyotangazwa mwaka 1925, ni marufuku kwa mwindaji, na nchi nzima ina sheria ya uwindaji tangu Mei 1982. Ninaishikilia mipaka hiyo kwa moyo wote, kwa sababu nimeona walinzi wakizikwa. Wawindaji ninaowajua ni wa mashamba na vichaka nje ya hifadhi, watu wa ndezi na kanga, wenye mbwa na mtego. Kwao kisu cha sentimita 9 kinazidi mahitaji. Mnyama mdogo hufunguliwa kama samaki, makali juu, kidole nyuma ya ncha, na sababu ya kidole kile siku hizi si utumbo peke yake. Ebola iliyotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 iliua watu 2,287 kabla ya kumalizika Juni 2020, na Julai 2019 ilifika hapa Goma. Mnyama uliyemkuta amekufa porini humgusi. Na hata yule uliyemkamata mwenyewe, kisu kinachoteleza na kukukata ukiwa umelowa damu yake ni hatari ambayo hakuna wepesi unaoifidia. Ndiyo maana nasisitiza mpini.

Wanyanga wa Walikale, majirani zetu wa magharibi, wana habari ndefu ya chuma na uwindaji. Ni ile ya Mwindo, aliyoisimulia Candi Rureke mwaka 1956 mbele ya mtafiti Daniel Biebuyck, ikachapishwa mwaka 1969 kwa kazi ya Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene. Mwindo anakwenda kwa wajomba zake, ambao ni wahunzi, nao wanamfulia mavazi ya chuma: viatu, suruali, shati, kofia. Anashinda vita vyake. Lakini mwishoni, baada ya kumuua Kirimu, zimwi la msituni, radi Nkuba anamchukua juu mbinguni, anamtesa kwa baridi na jua, na anamrudisha duniani akiwa ameamriwa asiue wanyama. Nilipoisoma mara ya kwanza niliwaza sana juu ya wajomba wale, waliofua kwa ustadi wao wote na hawakuwa na uwezo wa kufua kiasi.

Mji huu nao unajua bapa linaweza kufanya nini. Nilikuwa kijana Julai 1994, watu walipovuka mpaka kutoka Rwanda kwa mamia ya maelfu kwa siku chache, na kuna maneno juu ya panga ambayo tangu mwaka ule hayasemwi hapa kwa sauti ya kawaida. Tangu hapo bunduki zimepita na kurudi, mamlaka zimebadilika, na vizuizi barabarani vimeongezeka. Mtu mwenye panga kwenye begi huulizwa anakwenda kufanya nini nalo. Kisu changu nimewahi kuulizwa mara moja, kwenye kizuizi kimoja, na askari kijana. Nilikitoa kwa mpini, nikakilaza juu ya kiganja changu kilicho wazi, nikamwambia ni cha samaki. Akakichukua, akakipima kwa mkono kama alivyofanya sonara, akakinusa. Kilinuka tilapia. Akanirudishia, akaniambia nipite.

Mwaka jana mpini ulianza kulegea; maji ya ziwa yalikuwa yameingia kwenye ribiti. Nikakirudisha kwa mzee. Kijana aliyekuwa akizungusha gurudumu sasa ndiye anayeshika nyundo, na mzee anakaa kwenye kigoda karibu na mlango, panapoingia mwanga, akifanya kazi za tupa. Aling'oa ribiti, akautoa mkia, akausafisha kutu kwa kidole gumba. Kisha akaingiza mkono mfukoni akatoa kisu chake mwenyewe ili achonge mti wa mpini mpya.

Sikuwa nimewahi kukiona. Alisema alikifua alipokuwa na umri wa kijana wake, na kwamba kilikuwa na upana wa vidole viwili. Sasa kilikuwa na upana wa penseli. Miaka ya kinoo ilikuwa imekula chuma chote cha tumbo, ukabaki mgongo na uzi wa makali, na bado kilikuwa kinanyofoa mti kwa maganda membamba yanayojikunja kama nywele. Nikamwomba nikishike. Akanipa, nami nikafunga kiganja juu yake, na ilinibidi nikifungue tena nitazame kama kweli kimo ndani.

“Ngoja,” akasema, akanyoosha mkono nimrudishie. “Mupini haiyaisha.”